Utamu wa shilingi kumi

Sarafu ya shilingi kumi, ile yenye picha ya simba iliyoanza kutumika Desemba 2018, haina nguvu nyingi Nairobi. Haikupandishi matatu, na ukiipeleka soko la Toi hurudi na cha maana. Lakini asubuhi katika mtaa wa Jamhuri, kwenye vibanda na maduka yaliyo kati ya Ngong Road na Kibera, sarafu hiyo bado ina sauti. Inakupa andazi la moto lililofungwa kwa karatasi ya kaki. Ongeza kidogo na utakuwa na haki ya kuchagua: hafukeki ya kutafuna polepole, au skonzi iliyopakwa yai ikang'aa mgongo.

Vitafunio hivi havina jina kubwa. Haviwekwi mezani siku ya harusi wala havinunuliwi mgeni wa heshima akitarajiwa. Mwenye duka huvipanga ndani ya kabati la kioo, pembeni mwa kaunta, karibu na mayai na mishumaa, na jioni kabati huwa limebaki na makombo. Ndivyo vilivyotulea wengi wetu upande huu wa jiji, nami navipenda kwa moyo wote.

Migahawa ya Kilimani na Lavington ina keki bora zaidi, za krimu na matunda, na waokaji wake wanaijua kazi. Sina ugomvi nazo. Ila keki hizo hukaa nyuma ya mlango, na mlango una bei yake. Skonzi ya dukani haina mlango. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku, mwanafunzi aliyechelewa, mama aliyembeba mtoto mgongoni, wote husimama kwenye kaunta ile ile na kuhudumiwa kwa zamu. Nikiulizwa sababu ya mapenzi haya, hiyo huja mbele hata ya utamu.

Utamu nao upo. Anza na skonzi yenyewe. Ilikuja na Waingereza, lakini Mwingereza akiwekewa yetu hataitambua. Ya kwao haina hamira ya kuumua, humeguka ovyo, na huliwa kwa jemu na malai. Yetu imekuwa mkate mdogo, laini, wenye sukari ya kutosha kuliwa mtupu. Mwokaji hukanda unga wa ngano na hamira, sukari, mafuta na maji ya uvuguvugu au maziwa, akauacha uumuke, kisha akaugawa madonge na kuyapanga kwenye sinia karibu karibu. Madonge yakiumuka mara ya pili hugusana. Yakitoka tanurini yameshikana ubavu kwa ubavu, na muuzaji huyanyofoa moja moja mbele yako. Mgongo ni wa kahawia. Ubavu ni mweupe, una nyuzi, na ukinyofolewa ungali moto hutoa mvuke wenye harufu ya hamira. Ubavu ule ndio watu huukumbuka wakiwa mbali na nyumbani.

Kwinikeki ni ndugu yake mwenye majivuno kidogo. Blue Band na sukari hupigwa mpaka viwe vyeupe, mayai yakaingia moja moja, unga ukaja mwisho, kisha mchanganyiko ukamiminwa ndani ya vikombe vya karatasi. Ikiiva hupasuka juu. Sisi watoto tulianza na karatasi: tuliikwaruza kwa meno mpaka ikabaki safi, kwa maana makombo yaliyogandamana nayo yalikuwa yamelipiwa.

Hafukeki si ya tanuri, ni ya karai, lakini huwezi kuitenga na ukoo huu. Wanairobi wengi huiita ngumu, na baada ya jeshi la Kenya kuvuka mpaka na kuingia Somalia Oktoba 2011, ikapachikwa jina la jeshi hilo, KDF. Unga wake hukandwa ukiwa mkavu, ukakatwa vipande vinene na kukaangwa kwa moto mdogo hadi upasuke kandokando. Ni chakula cha watu wa kazi. Fundi wa mjengo akishatafuna mbili kwa kikombe cha strungi saa nne asubuhi, atabeba mawe mpaka saa saba bila kuyumba. Sijui chakula kingine cha bei hiyo Nairobi kinachomtendea mtu haki namna hiyo.

Halafu kuna keki ya sufuria, ambayo haikuhitaji duka wala tanuri. Mama zetu waliioka juu ya jiko la makaa. Sufuria kubwa iliwekwa mchanga chini, ndani yake ikaingia sufuria ndogo au mkebe wa Kimbo uliopakwa mafuta, kifuniko kikafuata, na juu ya kifuniko wakapalia makaa. Moto juu, moto chini. Ni ujuzi ambao Waswahili wa pwani wanao tangu zamani, kwani mkate wa mayai na mkate wa sinia huiva hivyo hivyo mpaka leo huko Mombasa, Lamu na Unguja. Nyumba zetu za Nairobi zilikuwa na meza yenye redio, kochi na jiko la makaa. Tanuri la umeme tuliliona kwenye picha za magazeti. Hata hivyo keki iliiva, na jirani aliyesikia harufu alijua nyumba hiyo ina mtoto anayetimiza mwaka.

Jamhuri ni mahali pazuri pa kuyatazama haya yote kwa pamoja, kwa sababu mtaa umebanwa na majirani wa kila aina. Upande mmoja kuna Woodley, Adams Arcade na soko la Toi. Upande wa pili kuna Kibera, ambako Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, wameishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na bado wanapika gurusa zao za kuliwa na mchuzi. Na kuna Jamhuri Park, uwanja wa maonyesho ya kilimo ya ASK. Maonyesho hayo huangukia mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, na kwa watoto wa shule wa Nairobi ilikuwa safari ya mwaka. Walishuka kwenye mabasi wakiwa na sare, kila mmoja na mfuko: chupa ya juisi, mkate uliopakwa siagi, skonzi mbili. Kwa wauza vitafunio wa hapa ilikuwa wiki ya mavuno.

Nilikulia kwenye mitaa hii katika miaka ya 1980, wakati maziwa ya Nyayo yalipokuwa yakigawiwa shule za msingi. Mpango huo ulianza 1979, na maziwa yalikuja katika pakiti za pembe tatu. Aliyekuwa na akili hakuyanywa hapo hapo. Aliyaficha mkobani mpaka saa ya kurudi nyumbani, akapitia dukani na sumuni yake. Kipande cha skonzi, funda la maziwa, kipande, funda, mpaka ufike mlangoni kwenu. Asiye na sumuni alimwambia mwenye duka, "Mzee, mama atalipa jioni," na mzee akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari la deni bila swali. Aliwajua mama zetu wote.

Duka lile lile lilikuwa na kisu kirefu cha kukatia mkate. Mkate wenyewe ulitoka viwandani, na wazee bado huutaja wa Elliot's na karatasi yake ya nta. Lakini hukulazimika kuununua mzima. Mwenye duka aliupasua katikati, akakupa nusu, na nusu ya pili akaifunika akimngoja mteja mwingine ambaye hakika angekuja. Kulikuwa hata na robo. Ndiyo maana Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, Wakenya hawakuhangaika kutafuta jina. Ikawa serikali ya nusu mkate. Kila raia alikuwa amewahi kutumwa dukani kununua nusu.

Hatuko peke yetu katika mapenzi haya. Wafilipino, ambao Wahispania waliwaachia mkate na Wamarekani wakawaletea unga, wana duka la mtaa wanaloliita panaderia, na ukiwasikia wakilisimulia utadhani wanazungumzia mtaa wako. Alfajiri hununua pandesal, madonge madogo yaliyonyunyizwa chenga za mkate, yakiwa moto ndani ya mfuko wa karatasi, wakayachovya kwenye kahawa. Mchana kuna ensaymada yenye siagi, sukari na jibini juu, na mkate wa kukunjwa wenye siagi na sukari ndani. Katika jiji la Quezon kuna Kamuning Bakery, iliyofunguliwa 1939 na ingali ikioka. Wafilipino waliohamia Daly City, California, wamefungua maduka kama hayo huko pia, na watu huendesha magari mbali ili wapate mkate ambao kwao ulikuwa wa bei ya chini kabisa. Wakenya wengi wa Dallas na Minneapolis hujipikia wenyewe. Wanakaanga maandazi jikoni mwao na kualikana Jumamosi. Skonzi ni shida zaidi, kwani inahitaji sinia zima na watu wa kulimaliza.

Wafilipino na sisi tuna jambo jingine la pamoja, nalo halipendezi. Tumejenga mazoea matamu juu ya nafaka ambayo haitutoshi. Ufilipino hailimi ngano ya maana, huagiza karibu yote. Kenya hulima Narok, Nakuru na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula hutoka nje. Na hata hii ya nyumbani ina historia nzito. Mlowezi Lord Delamere aliilima Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wameondolewa, na ugonjwa wa kutu ukayaangamiza mashamba yake mpaka akalazimika kugharimia utafiti wa mbegu. Kampuni ya Unga, ambayo unga wake wa EXE umo kwenye maduka yote ya Jamhuri, ilianzia huko Njoro mwaka wa 1908. Kituo cha kuzalisha mbegu kilifunguliwa huko 1927. Kutu mpya ya shina iliyotambuliwa Uganda 1999, ikaitwa Ug99, ilipotishia ngano ya dunia, ni Njoro hiyo hiyo ambako wanasayansi wa nchi nyingi walipeleka mbegu zao zijaribiwe. Norman Borlaug mwenyewe, aliyepata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake ya ngano, alifika kuona. Mwokaji wa mtaani hajui kuhusu Borlaug, lakini mfuko anaoufungua saa kumi usiku umepitia mikono hiyo yote.

Na kwa kuwa ngano yetu nyingi hutoka nje, vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, tulivisikia kwenye kikombe cha chai. Mkate wa gramu 400 ulipanda bei. Andazi halikupanda, lilipungua. Waokaji wa Manila walifanya vivyo hivyo na pandesal yao, kwa sababu wanajua kile wanachokijua wa Jamhuri: mteja wa sarafu moja ana sarafu moja. Ukimwambia sasa ni kumi na tano, humtozi tano zaidi, unamfukuza. Basi donge linapunguzwa kidogo, na mteja analiona, na hasemi kitu, kwa kuwa wote wawili wameelewana.

Serikali nayo ilijifunza jambo hilo kwa njia ngumu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe ushuru wa VAT wa asilimia 16. Vijana waliojaza barabara za Nairobi Juni ile walikuwa na malalamiko mengi, lakini mkate ulitajwa kila mahali, nyumbani, kwenye matatu, vinyozini. Tarehe 18 Juni pendekezo hilo likaondolewa, siku hiyo hiyo ya maandamano ya kwanza makubwa. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatautia saini mswada wote. Waliodhani mkate ni kitu kidogo cha kuongezea mapato hawakuwahi kutumwa nusu.

Kinachonitia wasiwasi sasa kinakuja kimya kimya kuliko ushuru. Mkate unahama. Supamaketi za Uchumi, Nakumatt na Tuskys zilipokuwa na nguvu ziliweka matanuri ndani ya maduka yao, na jioni watu walipanga foleni kungoja mkate utoke. Ulikuwa mzuri na wa bei nafuu, siwezi kuukana. Kampuni hizo tatu zimeanguka, lakini waliozirithi wanaendelea na mtindo huo. Huko skonzi hufungwa sita au zaidi ndani ya pakiti moja, ikabandikwa bei. Hupati moja. Mtoto mwenye sarafu akiingia supamaketi si mteja tena, ni mtoto wa kuangaliwa asiibe. Kwenye kaunta ya duka alikuwa mteja kamili, na mwenye duka alimuuliza anataka ya mgongo mwekundu au ya katikati.

Barabara nayo imehama. Ngong Road ilipopanuliwa kuwa ya njia mbili mbili, vibanda vilivyokuwa kando yake viliondolewa, na baadhi ya wanawake waliokaanga maandazi hapo kwa miaka mingi hawakurudi. Nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na kodi ya chumba cha chini, mahali panapofaa duka lenye tanuri, imekuwa ya watu wa simu na vipodozi. Wanaotaka kuoka rasmi wanahitaji leseni ya kaunti na cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, na wakitaka kuuza kwa pakiti, alama ya ubora ya KEBS. Sipingi afya wala ubora. Lakini kaunti inayojua kuhesabu ada ingeweza pia kutenga vyumba vya tanuri katika masoko inayoyajenga, kama inavyotenga vya nyama na samaki. Huo ni uamuzi wa ofisi moja na kalamu moja.

Wakati huo huo tanuri limerudi nyumbani. Ilipotangazwa kafyu ya korona Machi 2020 na shule zikafungwa, walimu wa shule za kibinafsi waliokosa mishahara, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa ndege, wengi walianza kuoka. Picha ya kwinikeki ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na kabla ya jioni bodaboda alikuwa mlangoni. Wengi waliacha kazi ziliporejea. Wengine hawakuacha. Katika maghorofa ya Jamhuri leo kuna jikoni ambako tanuri la gesi la rafu mbili limechukua nafasi ya meza ya kulia, na sinia hushuka ngazi saa kumi na moja alfajiri kuelekea kwenye kabati za kioo za maduka ya chini. Muuzaji anayapokea masinia kwa kuhesabu skonzi kwa kidole, "Mama, leo umeniletea chache," na mwokaji anajibu kwamba unga umepanda tena.

Nawatakia heri hawa kuliko ninavyozitakia kampuni zote za mikate. Wamerudisha kile ambacho kiwanda hakiwezi kukupa hata kikitaka: mtu wa kumlaumu skonzi ikiwa kavu, na wa kumsifu ikiwa nzuri, anayeishi ghorofa ya tatu na ambaye watoto wake wanasoma na wako. Skonzi ikikosa chumvi leo, kesho itakuwa nayo, kwa sababu wateja wake wamemwambia kwenye ngazi.

Ukipita Jamhuri na hujui pa kuanzia, usiende asubuhi sana, wakati huo ni wa maandazi. Nenda saa kumi alasiri, kabla watoto hawajatoka shule. Tafuta duka ambalo skonzi zake bado zimeshikana kwenye sinia, si zile zilizotenganishwa na kuanza kukauka. Usichukue za pembeni. Hizo zina ukoko pande mbili na hupendwa na wazee wenye chai nyingi. Omba ya katikati kabisa, iliyozungukwa na wenzake pande zote nne, na uile hapo hapo ukiwa umesimama, bila siagi.